Kaa Chini, Menya Viazi

Siku kumi na moja za mwanzo sikumwona Ulezi akila hata mara moja. Nilijua anakula, kwa sababu nyasi kavu zilipungua usiku, na vipande vya pilipili hoho nilivyoviacha mlangoni mwa kijumba chake asubuhi havikuwapo. Ila mdomo wake ukitafuna sikuuona. Wenzake wawili, Mkaa na Kiazi, kufikia siku ya nne walishaanza kuchungulia. Yeye alikuwa kivuli tu. Nikiingia sebuleni nasikia maranda yakichakarika, kisha kimya. Sikutegemea kwamba kimya cha mnyama asiyefika kilo moja kingeweza kuniuma namna ile.

Nawazungumzia simbilisi. Aliyekulia Njombe, Makete au Iringa hahitaji maelezo. Kwa wengine: ni mnyama mdogo asiye na mkia, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, mwenye vidole vinne kwenye miguu ya mbele na vitatu kwenye ile ya nyuma. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita. Ulaya aliletwa kwa meli katika karne ya 16. Wajerumani humwita Meerschweinchen, yaani kijinguruwe cha baharini, ingawa yeye si mnyama wa baharini.

Mimi nilizaliwa kijijini karibu na Njombe, na simbilisi niliwakuta jikoni kwa bibi. Sasa naishi Münster, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee, na nina binti wa miaka tisa aliyeomba mbwa kwa miaka miwili mfululizo. Kwa zamu zangu mbwa angeteseka. Siku moja tukapita kwenye makazi ya wanyama walioachwa, mtoto akaona zizi la simbilisi, akaniuliza hao wanaitwaje kwa Kiswahili. Nilipolitamka lile neno, ambalo lilikuwa halijapita mdomoni mwangu kwa miaka mingi, nilisikia harufu ya moshi wa jikoni kwa bibi. Nadhani uamuzi ulifanyika pale pale, kabla hata sijaulizia masharti.

Masharti yalikuwepo, na ninayaheshimu. Walitaka picha ya mahali watakapokaa, angalau mita za mraba mbili, wakasema kabisa kwamba mmoja peke yake hatoki pale. Uswisi, jirani zao, wameliweka jambo hilo kwenye sheria tangu mwaka 2008: simbilisi hafugwi bila mwenzake. Tulichukua watatu, dume aliyehasiwa na majike wawili, ili siku mmoja akifa asibaki mpweke. Dume alikuwa ameshamaliza wiki sita za kusubiri baada ya kuhasiwa, maana mbegu hubaki mwilini muda baada ya upasuaji, na anayeharakisha anaishia na watoto.

Na watoto ndio waliowafikisha pale. Walitoka katika nyumba ya mtu aliyenunua wawili akiamini wote ni majike. Simbilisi hubeba mimba siku 59 hadi 72, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, wanaotafuna majani siku ileile, na saa chache baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine. Dume mdogo wa mwezi mmoja tayari anaweza kupandisha. Kabla mwaka haujaisha, chumba kimoja kilikuwa na makumi. Sina neno baya kwa mtu yule. Aliona mzigo umemshinda, akapiga simu kuomba msaada, na ndiyo maana hawa watatu wako hai.

Mtoto aliwapa majina kwa rangi. Mkaa ni dume, mweusi tii. Kiazi ni jike la rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, mviringo, mlafi. Ulezi ni mwekundu wa kahawia kama unga wa uji. Nilimwambia binti yangu kwamba ulezi ni nafaka na pia ni kazi ya kulea. Akasema basi jina linafaa mara mbili.

Watatu walisafiri katika sanduku moja, nyasi za zizi lao la zamani zikiwa chini yao. Hilo la sanduku moja lina sababu, na sababu yake niliisoma katika kazi za mtafiti wa mji huuhuu ninaoishi. Profesa Norbert Sachser wa Chuo Kikuu cha Münster na wenzake walichunguza simbilisi kwa miaka mingi. Walimchukua dume, wakamweka peke yake katika kizimba kigeni, wakapima kotisoli kwenye damu, ile homoni inayopanda mnyama au mtu anapokuwa na msongo. Ilipanda sana. Wakamweka na jike asiyemfahamu: ilipanda vilevile. Wakamweka na jike aliyeshibana naye, na mpando ulikuwa mdogo kwa kiasi kikubwa. Kuwapo kwa mnyama mwingine tu hakukusaidia. Ilibidi awe yule wake. Niliposoma hayo nilikumbuka wiki yangu ya kwanza Ujerumani, jinsi nilivyokaa katika bweni lililojaa watu na bado nikawa peke yangu, mpaka alipofika msichana mmoja wa kutoka Songea. Sikuwa namfahamu, lakini alinisalimia kama ninavyosalimiwa nyumbani, na usiku ule nililala.

Sasa kosa langu.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mtoto alikuwa amevumilia siku mbili nzima akiwa amekaa nje ya uzio, na mimi nilimhurumia yeye kuliko wao. Niliinua kijumba, nikapitisha mkono, nikamkamata wa kwanza kufikika, akawa Ulezi. Nikamweka mapajani mwa binti yangu juu ya taulo. Ulezi akatulia kabisa. Mtoto akampapasa, uso umejaa furaha, akaninong'oneza, "Mama, ametulia. Amenipenda."

Na mimi niliamini. Dakika nzima niliamini. Kisha nikaona macho: yametoka, weupe unaonekana pembeni. Nikaona hatafuni, hanusi, sikio halichezi. Nikaweka kidole chini ya kifua chake, mimi ambaye kazi yangu ni kupima mapigo ya moyo ya watu kila siku, na nikashindwa kuyahesabu kwa jinsi yalivyokimbia. Hakuwa ametulia. Alikuwa ameganda. Mnyama anayewindwa, mbio zikishindikana, hujifanya jiwe, kwa sababu macho ya mwindaji hufuata kinachotikisika. Nilimrudisha. Aliingia kijumba cha nyuma kabisa, na hapo ndipo kile kimya nilichokitaja mwanzoni kilipozidi.

Kwetu mtoto anayechunga vifaranga hufundishwa kuangalia juu. Mwewe haji kwa miguu. Anakuja na kivuli, halafu kucha, halafu kifaranga hakipo. Nilijua hivyo tangu nina miaka mitano, na bado nilipitisha mkono wangu juu ya kiumbe kidogo, nikamnyakua kutoka mgongoni. Kwa Ulezi sikuwa mtu mwema aliyemleta kwenye nyumba yenye joto. Nilikuwa mwewe.

Kesho yake nilipiga simu nyumbani. Mama mdogo akampelekea bibi simu shambani, maana bibi amepita miaka themanini na bado shamba halimwachi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko kuna baridi?"

Nikamweleza. Simbilisi? Huko Ulaya? Ndiyo, bibi, watatu. Mnafuga wa kula? Hapana, bibi, wa kukaa nao tu. Akanyamaza kidogo, nikasikia upepo wa kule kwenye simu. Nikamwambia mmoja ananiogopa tangu nilipomshika.

"Sasa unamshikia nini?" akauliza, na hakuuliza kwa mzaha. "Mimi simbilisi nilikuwa namshika siku ya kumchinja tu. Na yeye anajua. Ukitaka akuzoee, kaa chini, menya viazi. Atakuja mwenyewe."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Nilikuwa nimeishi miaka yote ya utoto katika jiko lile bila kuona kilichokuwa kinatendeka ndani yake. Jiko la bibi lilikuwa nyumba ya udongo, mafiga matatu katikati, kuni zimepangwa ukutani mpaka juu, na mlangoni ubao mfupi wa kuzuia wasitoke. Simbilisi waliishi chini ya kuni. Bibi akiingia alikuwa anaongea, daima anaongea, na moto, na sufuria, na sisi. Akikaa kwenye kigoda na ungo mapajani, maganda ya mahindi mabichi yanaanguka miguuni, na kutoka gizani wanachomoza mmoja mmoja, wanapita juu ya vidole vyake. Wakisikia bua la hindi likivunjwa nje walipiga miluzi jiko zima. Hakuwahi kuwapapasa. Hakuwaita majina. Kila siku saa ileile alikuwa pale, chini, mikono yake ikifanya kazi nyingine, na kuni zilikuwa pale za kukimbilia. Ile hofu ya kuchinjwa ilikuwapo, lakini ilikuja mara moja kwa muda mrefu. Siku nyingine zote zilikuwa za maganda.

Tuanze na kuni, basi, kwa sababu bila mahali pa kukimbilia hakuna mnyama wa aina hii atakayethubutu kutoka. Nilipanga upya kona yao. Kuta mbili za nyumba upande wa nyuma, mbali na televisheni na mbali na mlango unaobamizwa. Vijumba vitano kwa wanyama watatu, kila kimoja na matundu mawili, ili Mkaa akitamba mlango huu, mwenzake atokee ule. Sakafu maranda na blanketi, kamwe si wavu wa waya, maana waya huchubua nyayo zao mpaka zinaota vidonda visivyopona upesi. Nyasi kavu katika sehemu tatu, si lundo moja, kwa kuwa Kiazi hukalia lundo kama lake peke yake. Nyasi si tandiko. Ndicho chakula chenyewe, kama sehemu nne kati ya tano za vyote wanavyokula, kwa sababu meno yao hayaachi kukua maisha yote na bila kusaga nyasi hurefuka mpaka mdomo unashindwa kufunga.

Halafu nikajifunza kubisha hodi.

Nasema kwa dhati. Kabla sijapita mlango wa sebule nilisema "hodi", sauti ileile, kila siku, na binti yangu akajitolea kujibu "karibu" kwa niaba yao. Nilitaka wajue ninakuja kabla ya kivuli changu. Nikatandika zulia dogo karibu na uzio, nikaketi ubavu, si uso kwa uso, kwa sababu anayekukazia macho ni anayetaka kukula. Nikamenya. Viazi vya chakula cha jioni, karoti, tango. Maganda ya karoti na tango niliyasukuma ndani kwa kidole, yale ya viazi nikayatupa, maana viazi vibichi havifai kwao. Nusu saa, kila jioni, na nikiwa zamu ya usiku nilifanya mchana kabla ya kuondoka. Niliongea. Niliwasimulia habari za wazee ninaowahudumia bila kuwataja, bei ya gesi, mvua. Sikunyoosha mkono.

Kwa mtoto hii ilikuwa adhabu mwanzoni. Alisema wenzake shuleni wana sungura wanaowabeba. Lakini alikaa. Na jioni moja akaniuliza swali nililojua litakuja.

"Mama, wewe uliwahi kuwala?"

Nikamwambia ndiyo. Nyama ya ng'ombe kwetu ilikuwa ya Krismasi na ya misiba. Simbilisi alikuwa nyama ya mtoto mgonjwa na ya mgeni wa ghafla. Nilipougua surua nikiwa na miaka sita, bibi alinichemshia mchuzi wake, na nilipona nikiwa nimeshika bakuli lile. Sikutaka kumficha wala kumwomba radhi kwa ajili ya bibi, aliyelea wajukuu saba kwa kuni, viazi na simbilisi. Mtoto aliwaza, kisha akauliza kama bibi aliwapa majina. Hapana, nikasema. Akasema, "Sisi tumewapa." Nikasema ndiyo, sisi tumewapa, kwa hiyo hawa ni wa kuzeeka nasi. Wanaweza kufika miaka mitano hadi minane. Alihesabu kwa vidole, akaona watakuwapo mpaka awe mwanamwali, akaridhika.

Kiazi alikuja wa kwanza, siku ya kumi na mbili. Nilifungua friji, na kutoka sebuleni ukapigwa mluzi mrefu unaopanda, uleule wa jikoni kwa bibi, nikasimama na mlango wa friji wazi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Mkaa alifuata baada ya siku mbili. Yeye ana ngoma yake: hujivuta taratibu akiyumbisha kiuno, sauti inanguruma kifuani kama simu inayotetemeka juu ya meza, akimzunguka Kiazi. Mtoto aliogopa kwamba wanagombana. Tulijifunza tofauti. Kunguruma na kufukuzana ni mazungumzo ya kupangana nani ni nani. Kugonganisha meno kwa kasi ni onyo, na hapo unaongeza nafasi na vyakula. Damu tu ndiyo inayokulazimu kutenganisha, na kwetu haikutoka.

Ulezi bado alikuwa nyuma ya kijumba.

Nilikuwa na mizani ya jikoni. Uzito ni mdomo wa mnyama huyu, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Mgonjwa porini huliwa, hivyo huficha ugonjwa mpaka unapozidi. Jumapili ya kwanza gramu 846. Ya pili 838. Ya tatu 801. Na sasa nilimsikia akijikuna usiku, kucha zikigonga ubao. Asubuhi nikaona kwa tochi nyuma ya bega kipande kisicho na nywele.

Hapo ndipo mapenzi na tiba vinapogombana. Nimemwahidi sitamnyakua, na sasa lazima aende kwa daktari. Niliona kazini mara nyingi, mzee aliyechanganyikiwa ambaye lazima aogeshwe, na mhudumu mwenye haraka anayemfanya ajihisi ameshambuliwa. Kuna namna ya kufanya lililo lazima bila kuwa mwewe. Nilishona mfuko wa blanketi ulio wazi pande zote mbili, kama mkono wa koti, nikauacha uzioni siku mbili na jani la giligilani katikati. Mwanzoni aliingia usiku. Siku ya pili aliingia nikiwa nimeketi pale, nikikodolea karoti yangu na moyo ukinidunda. Nikakunja ncha mbili polepole, nikainua mfuko mzima, yeye akiwa gizani ndani, amezungukwa. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa daktari ndani ya mfuko, na Kiazi na Mkaa pamoja naye, maana wake ni wake hata kwenye foleni.

Ulikuwa utitiri, ule unaochimba chini ya ngozi. Ukiuacha, mnyama hujikuna mpaka hupata degedege. Walichomwa sindano wote watatu, kwa sababu utitiri hauchagui, kisha tukarudi kwa dozi nyingine. Daktari akamwangalia na meno, yakawa salama. Aliposikia mimi ni muuguzi akanipa onyo ambalo napenda lifike nyumbani pia, ambako amoksilini hununuliwa duka la pembeni na kupewa kila kiumbe: simbilisi asinyweshwe kabisa dawa za jamii ya penisilini. Zinaua bakteria wema wa utumbo wake, na zinaweza kumuua naye. Akasema pia kwamba simbilisi asiyekula nusu siku hasubiriwi kesho, kwa kuwa utumbo wake haukuumbwa kusimama.

Kuhusu pilipili hoho, kuna jambo ambalo sikuambiwa chuoni. Tulifundishwa kiseyeye, ufizi unaovuja damu, mabaharia, upungufu wa vitamini C. Hawakutuambia kwamba mwaka 1907 huko Norway watafiti Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta chanzo cha ugonjwa mwingine wa mabaharia, na simbilisi wakapata kiseyeye, jambo ambalo panya hawalipati. Simbilisi, kama sisi, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake. Kutoka kwenye ufizi wao ilifunguka njia ya kuijua vitamini yenyewe. Ninapokata hoho jekundu kila asubuhi nalikata kama anayelipa deni la zamani. Wakati wa kiangazi tunawachumia pia majani ya yale maua ya njano ya kando ya njia, Wajerumani huyaita jino la simba, yanafanana na mchunga wa kwetu, nao huyanyonya kama tambi.

Jumapili ya nne Ulezi alikuwa gramu 809. Ya tano, 831. Kila nilipompima niliweka kipande cha tango ndani ya bakuli la mizani, na nilimwacha ashuke mwenyewe. Siku ya ishirini na tisa alipiga mluzi. Ulikuwa mwembamba, umekatika katikati, kama mtu anayejaribu wimbo alioambiwa hajui. Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu na hatukusema kitu.

Siku ya arobaini na moja alichukua giligilani kutoka vidoleni mwangu. Alinyoosha shingo mpaka mwili ukawa mrefu mara mbili, miguu ya nyuma imebaki kijumbani tayari kwa mbio, akavuta, akakimbia nalo. Kesho yake akavuta, akarudi hatua mbili, akala akinitazama. Wiki iliyofuata alikula palepale. Niliona sasa, kwa mara ya kwanza karibu, jinsi mdomo wa chini unavyokwenda kasi, na kinywele kimoja cheupe kilichoota kwenye kidevu chake chekundu.

Na siku moja isiyo na jina, nikiwa nimeketi na bakuli la viazi, aliruka. Alikuwa anatembea tu, ghafla akapaa miguu yote minne, akageuka hewani, akatua, akaruka tena, kama bisi kwenye sufuria ya moto. Simbilisi huruka hivyo wanapofurahi. Kiazi akaambukizwa. Mkaa, mzito, alijaribu mara moja.

Kuna jingine lililotokea ambalo sikulitafuta. Binti yangu kwa miaka miwili alikuwa akinijibu Kijerumani kila nilipomsemesha Kiswahili. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa bila kumwambia. Lakini alishawishika kwamba simbilisi wanajua Kiswahili tu, kwa kuwa ndicho walichosikia tangu siku ya kwanza, na ukiwasemesha Kijerumani utawachanganya. Hivyo amekaa kwenye zulia jioni nyingi akitafuta maneno. "Mama, unasemaje usiogope? Unasemaje polepole?" Juzi nilimsikia akimweleza Ulezi jinsi mwalimu alivyomkasirikia, sentensi nzima nzima, ngeli zimeyumba hapa na pale, na Ulezi amelala ubavu mbele yake mahali peupe, mguu wa nyuma umenyooshwa, nyayo ya waridi inaonekana. Mnyama anayelala na mguu umenyooshwa hawezi kukimbia upesi. Anajua hivyo kuliko mimi.

Bado hatumbebi. Kiazi hupanda mapajani mwenyewe akitaka hoho, hukaa dakika kumi, hushuka. Mkaa hukubali kukunwa nyuma ya masikio. Ulezi hakubali, na sijui kama siku moja atakubali, na simdai.

Jumapili iliyopita nilimpigia bibi. Nilikuwa jikoni, simu imewekwa sauti ya juu, mtoto akifungua friji, na sebuleni miluzi ikaanza, yote mitatu kwa pamoja, wa Ulezi ukiwa wa juu kabisa. Bibi akakatiza aliyokuwa akiyasema.

"Ni hao?"

"Ndio hao, bibi."

Akasikiliza. Nilisikia jogoo wa kwao, na yeye alikuwa akisikia simbilisi wa kwangu. Akaniuliza kama wanazaa. Nikamwambia dume alihasiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Wana njaa hao. Wape majani, mjukuu wangu, tutaongea baadaye."